Mdomo Uliotaka Kuvunja Nyumba Yangu

Wapendwa, amani ya Bwana iwe kwenu. Mnaniona nimeegemea kiti hiki. Si woga, ni mguu. Wengi mnaujua mguu huu, lakini hamjui kilichokuwa mdomoni mwangu.

Nilikuwa mbebaji wa mizigo bandarini Kalundu. Siku moja, gunia la unga likiwa mgongoni, ubao wa kupandia boti uliteleza. Nikaanguka kati ya boti na ukuta, mguu ukavunjika mahali pawili. Walinitibu, mfupa ukaunga, lakini umepinda. Kazi ya mizigo ikaishia pale.

Ndugu zangu, nawaambia, mguu uliniuma miezi michache. Ulimi wangu uliuma watu mwaka mzima.

Nililala kitandani nikilalamika. Redio ya jirani ina kelele. Bugali umekauka. Sombe, majani ya muhogo, haina mafuta ya mawese. Wakristo walipokuja kuniombea niliwauliza, "Mungu wenu alikuwa wapi siku ile?" Wakapungua mmoja mmoja. Alibaki mama mzee mmoja wa korale, waimbaji wa kanisa, aliyeniletea ndagala, vile visamaki vidogo, akaomba kidogo, akaenda zake. Naye nilimwambia ndagala zake zina mchanga. Mnacheka! Bibi yangu, mama wa watoto wangu, hakucheka.

Yeye alikuwa akiuza mboga sokoni ili tule. Siku moja alirudi amelowa mvua chapachapa. Kabla hajatua kapu nikamwambia, "Umechelewa. Unataka nife njaa?"

Hakupandisha sauti. Alikaa chini, akakamua kitenge chake, akasema polepole:

"Papa, kesho minye na watoto tunaenda Mutarule kwa mama. Sikimbii muguu yako. Hata wangekata yote mbili, ningebaki. Nakimbia mudomo yako."

Nilitaka kumjibu vikali. Ndipo nikaona watoto wetu watatu wamesimama mlangoni. Hakuna aliyelia. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaopumua baada ya kutua mzigo. Yaani walifurahi kuniacha! Hilo lilinichoma kuliko mfupa.

Nikageukia ukuta. Kila siku nilikuwa nikiomba, "Bwana, ninyooshee mguu." Siku ile niliomba, "Bwana, huu mguu nimeukubali. Ninyooshee moyo."

Asubuhi nilijikokota, nikawasha mkaa kwenye mbabula, nikachemsha chai. Bibi yangu alitoka na mizigo, akanikuta nimekaa chini, macho mekundu kwa moshi.

"Mama, unisamehe," nikasema. "Namushukuru Mungu weye uko, watoto iko. Nipatie juma moja."

Alinitazama sana.

"Juma moja," akasema. Akanywa chai amesimama. Mizigo hakuifungua.

Msifikiri nilibadilika mara moja. Siku ya tatu chumvi ilizidi, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, nikasema, "Asante kwa chakula." Mtoto wetu wa mwisho alinitazama kama mgeni. Hivyo nikajifunza kumshukuru Mungu kwanza, hata kwa kitu kidogo, ndipo niseme shida yangu. Na mizigo? Sikuambiwa kitu. Jumamosi niliona tu nguo za watoto zimetolewa kwenye mizigo, zimeanikwa uani.

Nikaanza kukaa nje, nikisalimu watu. Mvuvi mmoja akapita na wavu uliochanika. Baba yangu alinifundisha kushona nyavu nikiwa kijana, basi nikamwambia, "Lete." Kesho yake akaleta wenzake. Leo hiyo ndiyo kazi yangu, nafanya nimekaa, na tunakula. Mvuvi yule angenikuta kitandani nikigombana na ukuta, angepita.

Namshukuru bibi yangu, ameketi pale kwa akina mama. Namshukuru yule mama wa korale ambaye hakuchoka kuja, na mvuvi aliyeniamini na wavu wake. Na Mungu wangu, ambaye mguu hakuunyoosha, na bado namwita mwema.

Ndugu zangu, kama kuna mtu hapa ambaye akiingia nyumbani kwake watu wananyamaza, asingoje mambo yatengenee ndipo ashukuru. Aanze leo, akifika mlangoni.