Bamba Alilofelia Mzee Kioo

Baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu, Ijumaa tarehe 30 Juni Mzee Kioo anavua aproni ya ngozi na kustaafu. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye faili ofisini. Hili la Kioo tulimbandika sisi, kwa sababu kila alichokichomelea alikisugua kwa grenda mpaka ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama humo.

Alianza kwa kufagia vumbi la chuma na kubeba mitungi ya gesi. Kazi aliijua kwa kutazama mafundi na kuungua vidole. Cheti hakuwa nacho, wala hakuna aliyemuuliza. Wanagenzi kumi na tisa wamepita mikononi mwake, na aliyemletea kazi isiyosuguliwa alitazamwa tu juu ya miwani, akarudi mwenyewe kwenye grenda.

Mwaka juzi kanuni zikabadilika: miaka mitatu ya uanagenzi haihesabiwi mpaka daftari la mafunzo litiwe saini na msimamizi mwenye cheti. Wakati huo wanagenzi wake wawili walibakiza miezi minne: mpwa wake, na mama wa watoto wawili tunayemwita Cheche. Mzee asipopata cheti, wangeanza upya. Cheche alisema wazi kwamba miaka mingine mitatu hana.

Basi Mzee, na miaka yake hamsini na minane, akapanga foleni ya mtihani pamoja na vijana wa kuwazaa. Kwenye bamba alilopewa alichomelea mshono safi kabisa. Halafu, mazoea yana taabu, akavuta grenda akausugua ukang'aa. Msimamizi wa mtihani alishika kichwa. Sharti ni mshono uonekane kama ulivyotoka motoni, maana grenda huficha makosa. Mwalimu wa watu kumi na tisa akafeli papo hapo! Tulicheka, tusidanganyane, lakini Cheche alijifungia stoo akalia.

Mzee hakununa. Mwezi mzima alifanya mazoezi huku grenda imefungiwa kabatini na ufunguo anao Cheche. Siku ya mtihani wa pili, alipomaliza kuchomelea, alitia mikono mfukoni na kusimama mbali na meza. Mpwa wake anasema jasho lilimtoka zaidi hapo kuliko mbele ya moto. Bamba lilikatwa vipande, vikapindwa kupima mshono, na hakikupasuka hata kimoja. Wiki moja kabla ya ile miezi minne kwisha, alitia saini madaftari yote mawili.

Mzee wetu, ahsante kwa ukali wako usio na kinyongo, na kwa kukubali kuwa mwanafunzi ili wengine wasipoteze miaka yao. Kapumzike, ulale mpaka jua liwe juu, na mkeo tumeshamwomba asikuruhusu kununua grenda. Lile bamba ulilofelia usiliulizie. Tumelitundika juu ya sinki, na kila asubuhi Cheche, msimamizi wetu mpya mwenye cheti chake, hufunga kitambaa kichwani akijitazama humo. Uishi kwa raha na afya tele.