Boti ya Dalmas Imepakwa Kijivu

Enyi waungwana wa benchi, nanyi mliosimama kwa kukosa nafasi, nipeni utulivu wenu, kwani neno nililobeba ni zito. Huko Gatina, kando ya banda la Muia mchomeleaji, aitwaye Weldi, Adhis huuza kahawa. Kaka yake, Dalmas, alivuka mpaka kuipeleka boti ya watalii kwa mnunuzi, katika nchi ambayo baadaye ilishikwa na vita. Tangu hapo hakusikika. Leo Weldi amepata video katika simu yake: boti ileile, imepakwa rangi ya kijivu, inafanya doria ziwani, bunduki kubwa imefungwa mbele. Aliyeshika usukani ni Dalmas.

— Hiyo reli ya mbele ya boti ni kazi ya mkono wangu, Weldi akasema. Niliichomelea wageni waegemee wakipiga picha za viboko. Sasa imebeba bunduki!

— Mama anangoja nyumbani, Adhis akasema. Nikimpigia nimwambie nini?

— Mwambie kijana ameomoka! akadakia Obonyo, muuza viatu wa Soko la Toi, aitwaye Jenerali ingawa hajawahi kushika hata rungu. Huyo sasa ni kapteni wa nevi. Analipwa dola!

— Kapteni bila kofia?

— Kofia ni ya gwaride, Weldi. Vitani unakaa tu hivyo.

— Mimi naona hapo wanashuti muvi.

— Muvi gani, na boti ina matundu ya risasi? Msee, huyo ni jasusi wetu. Hata hiyo stori ya mnunuzi ilikuwa geresha.

— Dalmas? Yule hawezi kuficha hata njaa!

— Ndiyo maana hakuna atakayemshuku!

Adhis akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aione video. Akafuta mikono kwa leso, akabonyeza namba ya mama.

— Namwambia ni kapteni.

— Mwambie admirali!

Mutheu, mteja aliyekuja kuchukua mlango wake wa chuma kwa Weldi, alikuwa ameinama juu ya ile video.

— Samahani. Hawa wanalinda ziwa, sivyo?

— Eeh, mathe, Jenerali akamjibu.

— Na adui yuko kule majini?

— Kabisa.

— Basi mbona bunduki imemwelekea anayeendesha?

Weldi akaisogeza simu karibu na macho. Jenerali akachungulia begani mwake. Na katika simu ya Adhis, mama alikuwa ameshapokea:

— Adhis? Umempata?

Jibu alilopewa mama sikuambiwa. Aliyenihadithia haya ni Adhis mwenyewe, na hapo ndipo alipokomea.