Arvi Hukkanen, Fundi wa Njumu Asiyemwamini Mtu

Arvi Kalevi Hukkanen asingekubali kushushwa kaburini na watu waliosikia kisa nusu. Tangu Januari maneno yamekuwa mengi Kuoppaniemi, mengine yamesemwa hata kanisani, tena kwa sauti. Kwa hiyo familia imeamua kisa kisomwe chote, kisha maneno yakome.

Arvi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kuoppaniemi, kando ya ziwa Hoikkajärvi, akiwa mtoto wa kwanza wa Kalle na Martta Hukkanen. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake, Sulo. Mama yao alizoea kusimulia kwamba Arvi alichungulia kitanda cha mtoto, akanusa, akauliza, "Na huyu atakaa mpaka lini?" Watu walicheka badala ya kumjibu, na Arvi hakuwa mtoto wa kusahau swali.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Wakati wa baridi watoto walikwenda shule wakiteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni, na Arvi alizichonga zake alama kwa kisu, juu na chini. Mwalimu akamwuliza, "Arvi, nani atakuibia ubao mmoja?" Akajibu, "Atakayekuja na mmoja." Hesabu alizijua vizuri. Kuimba alikataa, akisema wanaoimba hufumba macho.

Alianza kazi msituni akikata miti, na mwaka 1973 akaingia karakana ya magari ya barabara, alikodumu hadi kustaafu mwaka 2011. Lakini wengi wetu tulimjua kwa matairi. Kila Novemba, ziwa likianza kushika barafu, watu wote wa kando ya ziwa walimpelekea magurudumu ya zile pikipiki za magurudumu manne ili ayapigie njumu, vile vijino vya chuma vya kushika barafu. Njumu alizichagua kwa unene wa mpira wa kila tairi. Ndefu mno ilitoboa, fupi mno iling'oka kwenye kona ya kwanza. Aliyemwambia, "Fundi, nipigie za mbele tu, zinatosha," alijibiwa, "Nenda. Mbele yako ikisimama, nyuma yako itakupita."

Kazi hiyo aliifanya mlango umefungwa kwa komeo. Watu walidhani anaficha ufundi, kumbe alikuwa anawapiga chapa. Kila mteja alipigiwa njumu kwa mpangilio wake mwenyewe, bila kuambiwa. Reino Karppinen, jirani yake, alikuwa na mistari miwili yenye pengo. Sulo alikuwa na alama ya mguu wa kuku, vidole vitatu mbele. Basi asubuhi upepo ukishafagia theluji, Arvi alisimama ufukweni na kikombe chake cha kahawa akalisoma ziwa zima: nani alikwenda kwa nani, na nani alipita karibu na nyavu za nani. Mlikuwa hamjui, sasa mmejua. Mnaotazamana huko nyuma, tulieni, mwenye siri zenu amekwisha kufa.

Mtu mmoja tu alifundishwa kuzisoma alama hizo, naye ni mkewe, Helvi. Walikutana mwaka 1974 kwenye ukumbi wa dansi ng'ambo ya ziwa. Arvi alivuka sakafu yote akasimama mbele yake.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe."

"Kwa sababu gani?"

"Kaa hapo nitakwambia."

Akakaa. Kisha kwa mwaka mzima alipita kwa majirani akiulizia ukoo wake, hadi Helvi alipomfuata karakana mbele ya wenzake: "Bwana Hukkanen, uchunguzi umekwisha, au nikuletee na meno yangu uyahesabu?" Walifunga ndoa tarehe 19 Juni 1976, wakajaliwa binti mmoja, Tuulikki.

Mwezi Februari 2009, mwaka uleule walipomzika mama yao, Arvi alikuta nyavu zake chini ya barafu zimetolewa samaki wote, na pembeni yake mguu wa kuku. Alimkabili Sulo nje ya kanisa.

"Nyavu zangu zimeshiba nini, Sulo?"

"Nilipita nikimtafuta mbwa."

"Mbwa wako anakula kwa uma?"

"Anakula vizuri kuliko wewe unavyosema."

Hayo yakawa maneno yao ya mwisho. Mbwa kweli alikuwa amepotea, na samaki kweli walikuwa wameibwa. Mwizi hajajulikana hadi leo. Arvi alimkataza Helvi kumpa Sulo hata sindano. Lakini Sulo asingepanda juu ya njumu za fundi mwingine, na Arvi asingekubali fundi mwingine amguse ndugu yake. Basi kila Novemba Sulo aliegemeza magurudumu yake ukutani mwa karakana ya nyumbani kwa Arvi akaondoka, na yakiwa tayari aliyakuta palepale ukutani. Walikuwa na pikipiki za aina moja, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake awe na iliyo bora.

Mwaka 2021 Arvi aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Vidonge alivimeza baada ya Helvi kuonja kimoja mbele yake. Aliambiwa asiende barafuni peke yake, naye akaitikia kwa kichwa, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mkewe shaka.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 27 Januari 2024, Reino alimkuta Arvi amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya tundu la barafu, amekwisha kufa. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata angekuwa na mtu pembeni asingepona. Lakini tundu lile lilikuwa la Sulo. Nyavu zilikuwa za Sulo. Helvi alipofika, waliokuja kumchukua marehemu walikuwa wameshavuruga barafu kwa miguu na pikipiki zao. Kando kidogo, pasipokanyagwa, akaona mguu wa kuku umekuja hadi pale. Alama za mumewe hakuziona, akadhani zimekanyagwa. Akaamini Sulo alikuja, wakagombana, akamwacha kaka yake amekaa palepale kwenye baridi.

Ndiyo maana mlisikia kwamba Sulo hatashika kamba ya kuteremshia jeneza.

"Mama, ni baba yangu mdogo," Tuulikki alisema.

"Baba yako mdogo alimwacha baba yako barafuni."

Sulo akamtumia Helvi salamu kupitia Tuulikki: "Mwambie mama yako pikipiki yangu haina magurudumu tangu Novemba. Desemba mgongo ulinishika, sikuweza kuyafuata ukutani kwenu."

"Uongo wa Kihukkanen," Helvi alisema. Lakini akavaa buti, kwa maana miaka arobaini na saba na Arvi ilikuwa imemfundisha kwamba hata uongo unastahili kukaguliwa.

Alikuta pikipiki ya Sulo imekalia magogo, na theluji juu yake haijaguswa. Sulo alitoka mlangoni akiwa amejikunja kama ndoana.

"Umeniamini sasa, shemeji?"

"Bado. Umekula nini tangu Desemba, mtu usiyeweza kuinama?"

"Samaki. Nyavu nilikwenda kuzitega kwa miguu barafu ilipokuwa changa, mgongo ulipokatika nikajua zimekwenda. Lakini Reino ananiinulia. Nakuta ndoo barazani asubuhi, wamesafishwa."

Helvi alikwenda moja kwa moja kwa Reino, akamkuta anakunywa kahawa.

"Samaki wa Sulo unampelekea wewe?"

Reino akakitazama kikombe. "Mimi sikusema ni mimi. Alinishukuru, nikasema haya."

"Mara ngapi?"

"Kila aliponishukuru. Mara moja alinipa na mkate wa kuoka."

Helvi akarudi nyumbani, akachukua ufagio, akaifagia theluji iliyoifunika pikipiki ya marehemu tangu watu walipoirudisha uani. Magurudumu yote manne yalikuwa na mguu wa kuku. Yale yake mwenyewe Arvi yalikuwa karakanani, njumu zake nzima, hazina kasoro yoyote.

Akasimama na ufagio wake akifikiri. Arvi alikuwa anamwinulia ndugu yake nyavu alfajiri, amevaa matairi ya ndugu yake, ili ionekane Sulo amekwenda kwenye nyavu za Sulo. Ionekane na nani? Watu wa kando ya ziwa hawajui kuzisoma alama. Ulimwenguni kote alikuwapo msomaji mmoja tu wa kufichwa, na ndiye aliyekuwa amemkataza kutoa hata sindano.

"Mwongo mkubwa wee," alisema Helvi, na Tuulikki aliyekuwa dirishani anasema mama yake aliifagia pikipiki ile hadi taa za nyuma, ingawa theluji ilikuwa imekwisha.

Kesho yake alirudi kwa Sulo na chungu cha supu. Akakiweka mezani, hakukaa.

"Kamba ya upande wa kichwa ni yako."

"Shemeji, mgongo wangu hauwezi."

"Tuulikki atashika nyuma yako. Wewe utashika. Alikubebea ndoo tangu Desemba na moyo mbovu, wewe utambebea kamba na mgongo mbovu."

Marehemu ameacha mke wake, Helvi, binti yake, Tuulikki, na mkwewe, wajukuu wawili, na ndugu yake mmoja, Sulo Hukkanen, ambaye jina lake halikuwamo kwenye karatasi ya kwanza ya ratiba ya mazishi haya. Waliopewa ile ya kwanza waichane.

Ardhi ya hapa, iliyoganda kwa baridi, imepashwa moto tangu juzi ndipo ikakubali kuchimbwa. Arvi Kalevi, lala humo mwenye joto, kwa amani. Sulo, sogea mbele, shika kamba.