Ukuta wa Obwocha na Kodi ya Andrew

Jumatatu, tarehe nne Juni mwaka wa 1973, saa nne za asubuhi, ndipo mambo yalipobadilika pale Keumbu. Saa hiyo Andrew, mkandarasi wa zahanati mpya, alipanda juu ya rundo la kokoto akatangaza kwamba fundi aliyechukua kipande cha ukuta kwa mkataba si mwajiriwa wake. Ni mtu aliyejiajiri. Kwa hiyo atamkata kodi kabla ya kumlipa. Ila kile ambacho fundi amekitumia kwa ajili ya kazi, kama mwiko, kamba na ujira wa vibarua, kitatolewa kwanza, na kodi itakatwa kwenye kinachobaki. Akashuka. Mafundi nao wakavuka barabara hadi kwenye benchi la Nyanchera, mwuza kahawa, kwa sababu jambo kama lile halizungumzwi watu wakiwa wamesimama.

Ombui alikaa mwishoni, mahali alipozoea kukaa ndugu yake. Watu walimwita Ombui Timazi, ule uzi wenye risasi wa kupimia wima, kwani ukuta wake haukupinda na maneno yake hayakuwa mengi. Mdogo wake, Obwocha, alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma kule Marani baada ya homa fupi, na ukuta aliouchukua kwa mkataba ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Kutoka kwenye benchi ulionekana wote. Andrew alikuwa amesema ukuta usiokwisha haulipwi, na fundi mwingine akiumaliza, malipo yatakuwa ya fundi huyo. Eucabeth, mjane wa Obwocha, asingepata kitu. Ombui alitaka kumsaidia, lakini tangu mazishi mikono yake ilikuwa imekataa kuugusa ukuta ule.

Wa kwanza kufafanua tangazo alikuwa Onsongo, aliyeitwa Waziri kwa sababu alieleza mambo ya serikali kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa kwanza. Alikuwa Msabato, na Wasabato hawanywi kahawa, hivyo kwenye benchi la kahawa alikunywa uji wa wimbi. Alisema gharama ni kitu chochote ambacho bila hicho kazi haiendi. Ogari, mponda mawe ambaye wote walimwita Kifusi, akauliza kuhusu ndizi.

— Ndizi ni chakula, Waziri akamwambia.

— Mwiko unasaidia mkono mmoja. Ndizi inasaidia mwili mzima. Kipi kikubwa, omogaka, mzee wangu?

Waziri akatafakari, akakubali ndizi. Hapo Kifusi hakushikika tena. Kama ndizi zinatolewa, basi na mke anayezipika atolewe. Na kama ni mke, basi na ng'ombe wa mahari, pamoja na yule mmoja ambaye baba mkwe bado anamdai. Waziri naye akaongeza zaka, maana Mungu alikuwako kabla ya Andrew. Nyanchera akauliza kama na yeye yumo.

— Wewe mama ni gharama tupu, Kifusi akasema.

— Gharama hulipwa, Nyanchera akamjibu, akaiondoa birika mbele yake.

Ndipo Kifusi akatoa wazo lake kubwa. Wamwambie Andrew kwamba zahanati yote inajengwa kwa risaga, ile kazi ya majirani kumsaidia mwenzao, ambapo hakuna ujira, mwenye kazi hupika, watu wakala wakaenda zao. Pasipo ujira, kodi itakatwa wapi?

— Na wewe utakula nini, Kifusi? Waziri akauliza.

— Nitakula risaga.

— Na kesho?

— Kesho mtakuja kwangu.

Benchi lote likacheka. Ombui naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akakikata kicheko ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba amemwacha mwenzake nje kwenye mvua.

Walikuwa bado wanapangusa macho Eucabeth alipofika kutoka Marani, kikapu mgongoni. Wakasogea apate nafasi, lakini hakukaa. Aliwasalimu, akautazama ukuta ule ng'ambo ya barabara.

— Shemeji, nani anaumaliza ukuta wa baba watoto?

Kifusi akachungulia kikombe chake. Nyanchera akainamisha birika; lilitoka tone moja jeusi, basi.

— Kifusi, Ombui akasema polepole, rudia yale ya risaga.

— Ulikuwa mzaha, omogaka. Unisamehe.

— Najua. Rudia.

Kifusi akarudia, safari hii kwa adabu. Ombui akainuka, akavuka barabara, na benchi zima likamfuata. Akamwambia Andrew kwamba mkataba ubaki nyumbani kwa Obwocha, mwenyewe awe Eucabeth. Wao pale hawatakuwa mafundi, watakuwa majirani. Andrew alijikuna kichwa, akakubali: malipo yatakuwa ya mjane, na kodi itakatwa baada ya kutoa gharama.

— Na uji wa wajenzi? Waziri akauliza.

— Uji ni gharama.

— Na ndizi? Kifusi akauliza.

Andrew akamtazama, akamtazama na Eucabeth.

— Zikipikwa hapa, na ndizi.

Kifusi akainua mikono miwili juu, kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kesho yake asubuhi Eucabeth aliwasha moto kando ya mchanga, na Nyanchera akaja na sufuria yake kubwa. Timazi ya Obwocha ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari alipoiacha. Ombui aliitungua, akaishika mpaka ikaacha kuyumba. Akavua kofia. Waziri, ambaye kanisa lake haliwaombei wafu, naye akavua yake.

— Mungu Baba, Ombui akaomba, mpokee ndugu yangu Obwocha. Aliwajengea watu nyumba. Naye umpe mahali pa kukaa. Msamehe alipokosea, umwangazie nuru yako isiyozimika, na sisi tuliobaki utushike mikono. Apumzike. Amina.