Fundi Koti, Mwanafunzi wa Watoto Wake

Baba yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Koti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu kati ya sita wa dobi na mkunga. Alianza shule mwaka 1955 na kuishia darasa la saba, baba yake alipougua, naye akapelekwa kwa mjomba wake kujifunza ushonaji.

Mwaka 1968 alifungua duka lake mkabala na stesheni ya reli: chumba kimoja, cherehani mbili na kioo kirefu chenye ufa. Hakuwa na masihara na kazi. Koti likikaa vibaya begani alilifumua lote, hata kama mteja analisifia.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa nesi. Walijaliwa watoto watatu, na mimi ninayesoma wasifu huu ndiye kifungua mimba.

Baba hakujua lugha yoyote ya kigeni, lakini sisi tulipoanza Kifaransa alijiandikisha kwetu. Kila jioni alizima cherehani na kusema, “Haya mwalimu, leo umeniletea nini?” Hapo ulitakiwa umfundishe ulichosoma. Alikuwa mwanafunzi mzito kwelikweli, na siku hizi naamini uzito mwingine alijitia makusudi ili turudie kueleza. Maneno mapya aliyaandika kwa chaki kwenye kitambaa chochote kilichokuwa mezani. Ndiyo maana bwana harusi mmoja alisimama mbele ya wageni wake akiwa na Kifaransa mgongoni. Baba alimwomba radhi, akamshonea suruali ya bure, na wiki iliyofuata akaendelea kuandika.

Mwaka 1990, nikiwa kidato cha kwanza, wenzangu walinicheka matamshi hadi nikaamua kuacha somo hilo. Mwisho wa kubadilisha masomo ulikuwa Ijumaa. Nilimwambia baba, hakugomba. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa wazazi, na wanafunzi tulikuwepo. Baba akanyanyuka na karatasi yake, akajitambulisha kwa Kifaransa nilichomfundisha mwenyewe, sentensi sita nzima. Ukumbi uliangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Alisoma hadi nukta ya mwisho, akashukuru, akaketi.

Njiani nilimwambia, “Baba, umeniaibisha.”

“Wamenicheka?”

“Sana!”

“Wamenipunguza nini?”

Akanitazama, akaongeza:

“Basi kesho nenda kasome, mwanangu. Mimi nani atanifundisha ukiacha?”

Sikuacha. Leo ni mwaka wa ishirini na sita nafanya kazi ya ukalimani, na wadogo zangu wawili wanafundisha lugha shuleni. Tunatembea kifua mbele, na aliyetupa kifua hicho ni yeye.

Januari mwaka huu, 2024, figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu. Kila Jumamosi mjukuu wake wa mwisho, mwenye miaka tisa, alikwenda wodini na daftari lake la Kichina. Alimfundisha babu kuhesabu na hakumhurumia hata kidogo. “Babu, umeruka saba. Anza upya.” Naye, na dripu mkononi, alianza upya. Jumamosi ya mwisho alifika kumi bila kukosea, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakampigia makofi.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, dada mmoja na wajukuu saba. Mjukuu wa mwisho ameomba iandikwe hapa, kwa niaba yake, kwamba mwanafunzi wake amefaulu.

Mungu amlaze kwa amani.