Mgonjwa Namba Kumi na Saba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mfamasia aliyetutoka Jumatatu, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wateja walimwita Mama Hebu Tuone. Ukimwambia dawa fulani inaponya, habishi, wala hakubali. Atasema tu, "Hebu tuone."

Alipokuwa na miaka hamsini na mbili, maradhi ya kinywa yalimpata. Ndani ya mashavu ilitokea michirizi myeupe kama uzi wa kufuma, na vidonda vinavyowaka moto. Chai ilimchoma. Mswaki ulimchoma. Ugonjwa huo hauambukizi, wasikilizaji, lakini ni sugu. Binti yake anakumbuka: "Mama alikula uji uliopoa, tena kwa kijiko cha mtoto."

Daktari akamwandikia steroidi ya kupaka, dawa ya kutuliza uvimbe. Kaka yake, muuza mitishamba, akamletea utomvu wa shubiri.

"Dada, hizo kemikali utapaka mpaka lini?"

"Na shubiri yako, kaka, umeipima kwa nani?"

 Swali hilo likamng'ang'ania dada mwenyewe. Akamganda daktari mpaka akakubali kuzipima dawa zote mbili, hospitali ikatoa kibali. Wagonjwa sitini walijitolea: thelathini steroidi, thelathini shubiri. Tyubu zilifanana, zote zikatiwa uchungu uleule. Mgonjwa hajui kapewa ipi, anayempima naye hajui. Orodha ya nani kapewa nini ilifungiwa kabatini. Mama Hebu Tuone alikuwa mgonjwa namba kumi na saba.

Baada ya wiki nane vidonda vyake vilifunga. Orodha ikafunguliwa. Namba kumi na saba: shubiri!

Kaka akaruka. "Si nilisema mimi!"

"Kaa kwanza, kaka. Mimi ni mtu mmoja."

Akasoma matokeo yote mbele ya watu. Steroidi ilifunga vidonda vya watu ishirini na wawili. Shubiri, kumi na watatu. Ila steroidi iliwaletea watu tisa fangasi wa mdomoni. Shubiri, mmoja tu. Dawa iliyomponya yeye ndiyo iliyoshindwa, na aliyesema hivyo ni yeye.

Kaka alinuna mwezi mzima. Kisha akabandika karatasi kwenye meza yake ya mitishamba, ipo hadi leo: "Kidonda cha mdomoni kisichopona, muone daktari kwanza." Juzi alituambia, "Dada alinikosesha wateja. Sijui ameniepusha na makosa mangapi."

Kwa kaka, binti na wajukuu, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nanyi wasikilizaji, tafuteni jambo moja mnaloliamini kwa sababu liliwafaa ninyi. Je, mmeshawauliza wale ambao halikuwafaa?