Alitaja Bei ya Nani?

Benchi la soko la mifugo la Kiwanjani lilikuwa zamani ubao wa lori, na huenda ndiyo sababu kila aliyelikalia alipaza sauti kana kwamba anashindana na injini. Liliegemea ukuta wa kibanda cha Naimo, muuza kahawa ya tangawizi, na wenyeji wake walibeba majina waliyobandikwa na wenzao: Gollo, mfanyabiashara wa ngamia, aliitwa Kaunti kwa wingi wa ahadi zake; Mbaabu, muuza dawa za mifugo, aliitwa Daktari; na Ekuam, fundi wa simu, aliitwa Satelaiti. Asubuhi hiyo Naimo alimimina kahawa huku akimtupia Gollo jicho. Nyuma ya pazia la kibanda, ndani ya shati lililopigwa pasi, alikuwa ameketi kaka yake Warfa, dalali hodari kabla ugonjwa wa akili haujamwondoa sokoni. Warfa alitaka kurudi kazini. Gollo naye alikuwa na ngamia wa kuuza, amemfunga kando ya kibanda, akimngoja mnunuzi kutoka Garissa.

Katika biashara hiyo bei haitangazwi. Muuzaji na dalali hushikana mikono chini ya shuka, vidole vikabonyezwa, na kiasi kikaeleweka bila mdomo kufunguka. Kisha dalali huenda kwa mnunuzi na kufanya vivyo hivyo. Anayezijua bei zote mbili ni yeye peke yake. Kwa hiyo dalali asiyepewa mkono si dalali tena, hata awe na afya ya simba.

Naimo alisubiri Gollo anywe kikombe cha kwanza.

— Mzee Gollo, leo mpe Warfa akuuzie ngamia.

Gollo akapuliza kahawa ambayo ilikwisha kupoa.

— Abaayo, dada yangu, Warfa ni mtoto yetu. Lakini hii ni ngamia, si kuku.

— Amepona.

— Amepona na bado anadungwa sindano kila mwezi? Kupona gani hiyo?

— Wewe si unameza dawa ya presha kila asubuhi?

— Presha haijawahi kuongea na mnara ya simu!

Benchi likaangua kicheko. Naimo hakucheka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimfuata kaka yake mpaka chini ya mnara huo, kanga mkononi, akimsihi arudi nyumbani.

— Tulieni, niwaelimishe, akasema Mbaabu. Mimi nilikuwa kwa baraza ya Jennifer, yule mhudumu wa afya. Alisema ubongo iko na kemikali. Ikizidi, mtu anasikia sauti. Sasa hiyo ni kama ng'ombe amekula majani mbichi, tumbo ikafura. Unatoboa, hewa inatoka, ng'ombe anaamka.

— Ati utatoboa Warfa kichwa? akauliza Gollo.

— Nimesema ni kama!

— Daktari, kwa hiyo baraza ulilala, akadakia Ekuam. Kichwa ni redio, bana. Ya Warfa ilikuwa inashika stesheni za mbali, mpaka Ethiopia huko. Sindano inamfungia zile stesheni si zake.

— Na akipita chini ya mnara na ngamia yangu?

— Ngamia pia atashika. Hiyo shingo huioni? Hiyo ni antena kamili.

— Ndiyo maana wale ngamia wa Oldonyiro hawasikii mtu! akapiga paja Mbaabu. Basi tudunge ngamia wote. Dawa iko kwa duka yangu.

Naimo alilitua birika juu ya jiko kwa kishindo.

— Jennifer hakusema hata moja ya hayo! Alisema dawa inatuliza ugonjwa, lakini dawa peke yake haimrudishi mtu kwa watu. Anataka usingizi, anataka chakula, anataka jamaa wanaojua dalili za kwanza, na anataka kazi. Pole pole, lakini kazi. Warfa akikosa usingizi ananiambia mwenyewe, tunaenda kliniki mapema. Ugonjwa unaweza kurudi, sikatai. Hata malaria inarudi, na hakuna mtu anafukuzwa sokoni kwa malaria. Nyinyi mnampa salamu, mnampa kahawa, mnampa pole. Mkono nani amempa?

Gollo alikiweka kikombe chini. Aliposema tena, utani ulikuwa umemtoka.

— Naimo, nisikie. Si sindano naogopa. Dalali anabeba siri yangu. Ile kichwa ilifunguka mara moja. Ikifunguka tena, bei yangu itatembea barabarani mpaka Gotu.

Naimo aligeuka kutazama nyuma. Pazia halikutikisika.

— Salaam aleikum, sauti ikasema.

Alikuwa Khadar, mnunuzi wa Garissa, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi zake.

— Aleikum salaam!

— Ngamia namwona. Mbona watu wamenuna?

Wakamweleza wote kwa pamoja: dalali, sindano, mnara, ng'ombe aliyefura. Khadar alisikiliza huku akisugua nyusi.

— Huyo Warfa alikuwa anajua bei za watu wengi?

— Za karibu soko yote, akakiri Gollo.

— Na wakati alikuwa mgonjwa, aliongea kwa sauti?

— Sauti? Mpaka msikitini walimsikia! akasema Mbaabu. Malaika, redio, ati maji ya mto Ewaso imegeuka maziwa...

— Sawa. Na alitaja bei ya nani?

Mbaabu akamtazama Ekuam. Ekuam akatazama mnara, kana kwamba ndio ungemjibia. Gollo aliwakumbuka fahali aliowauza kwa bei ya aibu wakati wa ukame. Mke wake hakuijua bei hiyo hadi leo. Warfa, dalali wa siku hiyo, aliijua, na muda wote ule wa kuhangaika barabarani mchana kutwa, neno moja la bei hiyo halikumtoka.

Pazia likafunuliwa. Warfa akatoka, akaunyosha ukosi wa shati.

— Mzee Gollo, stesheni zingine zimefungwa. Nasikia yako tu.

Gollo alicheka hadi akafuta macho. Kisha akalivua shuka begani, akaufunika mkono wake, akaunyosha.

Naimo aliona kitambaa kikitikisika. Warfa alitikisa kichwa. Gollo akakunja uso, akabonyeza upya. Warfa akahamia kwa Khadar, akarudi kwa Gollo, akaenda tena, uso wake mtulivu kama wa mtu anayesoma gazeti. Mwishowe aliikutanisha mikono yao miwili, akaipiga kofi. Ngamia ameuzwa!

Benchi zima lilisimama likishangilia.

— Ngapi, Warfa? Ninong'onezee tu, akaomba Ekuam.

— Uliza shuka.

— Na ukae mbali na hiyo shuka, Satelaiti! akafoka Gollo kwa furaha. Wewe na stesheni zako! Naimo, kahawa kwa dalali wangu!

Lakini birika lilikuwa limechemka hadi likakauka, na Naimo hakuomba radhi. Alikuwa amesimama barabarani, mikono kiunoni, akimtazama kaka yake akimwongoza ngamia kuelekea lori la Khadar. Chini ya mnara Warfa aliinua macho kidogo, akaupungia mkono kama jirani wa zamani, akapita.

— Mmeona? akasema Ekuam. Hata ngamia hajashika kitu.